Ndege Wenye Makucha na Miti Mikubwa: Darsa ya Siku Moja katika Milima ya Shimba

Kushukuru ni kwa Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baada ya hayo: Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu hudhani kwamba elimu ya dini haipatikani ila ndani ya kitabu na juu ya mkeka wa msikitini. Kitabu ndicho asili, hilo hatulikanushi. Lakini Kitabu chenyewe hututoa nje. Katika Suratul-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawalaumu wasiowatazama ndege walio juu yao, jinsi wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na hali hapana awazuiaye wasianguke ila Yeye. Katika Suratun-Nahl, aya ya 79, amelirejea jambo hilo hilo na kulifanya dalili kwa watu wa imani. Na katika Suratul-An'am, aya ya 38, ametujulisha kwamba wanyama na ndege nao ni jamii zilizopangwa kama tulivyopangwa sisi. Basi mtu akizisoma aya hizi kila mwezi wa Ramadhani, naye hajainua kichwa hata mara moja kumtazama ndege, huyo ameisoma amri wala hajaitimiza.

Kwa ajili hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, katika msimu wa mvua za vuli, tulifunga vitabu tukatoka Mombasa na wanafunzi kumi na mmoja. Tulivuka kwa feri ya Likoni, tukapanda hadi Kwale, tukaingia katika Hifadhi ya Milima ya Shimba pamoja na askari wa hifadhi, kwani humo mna ndovu na haifai mtu kwenda ovyo. Makusudio yetu yalikuwa mawili tu: kuitazama miti mikubwa, na kuwatazama ndege wenye makucha, yaani wale wawindao na wale walao mizoga. Kila mwanafunzi alichukua daftari, na sharti letu lilikuwa asiandike ila alichokiona kwa macho yake.

MLIMA NA MITI YAKE

Milima ya Shimba si mirefu. Kilele chake ni kadiri ya mita 450 juu ya bahari. Lakini kwa kuwa imesimama peke yake nyuma ya uwanda wa pwani, huupokea upepo wa baharini na kuulazimisha kupanda, na upepo wenye unyevu ukipanda hupoa, ukaleta ukungu na mvua. Juu yake pana nyanda za majani zilizo wazi, na katika mabonde mna msitu mzito. Serikali iliutangaza kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1903, na mwaka 1968 ukafanywa hifadhi ya taifa. Hapo ndipo mahali pa pekee katika Kenya anapoishi mnyama palahala.

Tuliwauliza wanafunzi: Mlima huu una faida gani kwa mtu wa Mombasa? Wakanyamaza. Tukawaambia kwamba chemchemi za Marere hutoka katika vilima hivi, na maji yake yamepelekwa Mombasa kwa mabomba miaka mingi. Majani ya miti huipokea mvua isipige ardhi kwa nguvu, na mizizi huufungua udongo ili maji yazame badala ya kukimbia na kuuchukua. Huenda mtu akatawadha mjini kwa mvua iliyopokewa na miti ya Shimba, kisha akamsikia jirani yake akiisifu biashara ya makaa, wala asione kwamba makaa hayo na udhu wake vimefungamana.

Tuliuona mvule, mti ambao watu wetu waliufanya milango na makasha. Tuliuona mbambakofi, ambao mbegu zake ni nyeusi na kila moja ina kofia nyekundu. Rangi hiyo huwavuta ndege, wakala ile kofia na kuidondosha mbegu mbali na mama yake. Na tuliona mtini wa mwituni uliomea juu ya mti mwingine. Mbegu yake iliachwa na ndege katika panda ya mti, ikatoa mizizi ikashuka hadi ardhini, na sasa mizizi imemkumbatia mwenyeji wake pande zote. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Ndege amepanda mti." Tukamwambia kwamba ameandika kweli tupu.

Kisha askari alitusimamisha mbali, akatuonyesha katika panda ya mti mkubwa rundo la vijiti lililo kubwa kuliko kitanda cha mtoto. Hilo lilikuwa tundu la tai wa msituni, yule mwenye kishungi mfano wa taji, ambaye huwinda kima na paa wadogo. Jike hutaga yai moja au mawili, na mara nyingi kinda mmoja tu ndiye akuaye. Mayai huatamiwa kadiri ya siku 50, kinda hukaa tunduni zaidi ya miezi mitatu, na hata akiisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi wake kwa miezi mingi. Kwa hivyo jozi moja ya tai hawa kwa kawaida hulea mtoto mmoja kwa miaka miwili. Nao hulitumia tundu lile lile mwaka baada ya mwaka, wakiongeza vijiti.

Basi zingatieni hesabu hii. Aangushaye mti ule kwa nusu ya siku ameangusha nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi, na hapana mti mwembamba uwezao kulibeba rundo lile. Na amwuaye tai mmoja mkubwa ameondoa kitu ambacho hakirudi upesi kama kurudi kwa kuku. Ndege wa kuwinda hawawezi kuhifadhiwa iwapo miti mikubwa haikuhifadhiwa. Mambo mawili haya ni jambo moja.

NI NANI AWASHIKAYE ANGANI?

Tangu alfajiri hadi saa tatu hatukuona ndege mkubwa aliyeruka juu. Wanafunzi wakaanza kuchoka. Ilipofika saa nne, jua lilipokwisha kuupasha moto uwanda wa majani, akatokea pungu. Huyu ana mbawa ndefu na mkia mfupi mno, uso wake na miguu yake ni myekundu, na arukapo huyumba kulia na kushoto kama mashua. Tulimtazama kadiri ya dakika kumi, wala hatukumwona kupiga ubawa ila mara chache.

Sababu ni hii. Jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa iliyo karibu nayo, na hewa ya moto ni nyepesi, basi hupanda. Ndege mwenye mbawa pana hutanda ndani ya hewa ipandayo, akazunguka nayo, naye akabebwa juu bila ya kutumia nguvu. Akiisha kufika juu, huteleza kwenda mbali hadi apate hewa nyingine. Ndiyo maana ndege wakubwa hawaharakishi kuamka. Wao hungojea jua.

Hapa mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri. Alisema: "Sheikh, ikiwa ni hewa ya moto imshikayo, na aya yasema ni Mwenyezi Mungu, tufuate lipi?" Twajibu: Hakuna mgongano. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba jua, na hewa, na ubawa ulioumbwa kulingana na hewa hiyo, na ndiye aliyeiweka kanuni isiyobadilika ya kuwa chepesi hupanda. Anayesema kwamba mvua huotesha mmea hakufuru maadamu anajua ni nani aliyeleta mvua. Mtu akiitaja sababu akamsahau Mwenye kuiweka amepotea, na mtu akidai kwamba kumtukuza Mungu ni kuzikataa sababu amekosa vile vile, kwani ameipuuza hekima ambayo Mungu mwenyewe ametuamrisha tuitazame.

Baada ya saa sita mvua ndogo ilinyesha ikakatika, na kumbikumbi wakatoka ardhini. Mara wakaja kozi wadogo wengi, wakiwakamata kumbikumbi kwa miguu na kuwala huku wakiruka. Hawa ni kozi ambao wataalamu huwaita kwa jina la mto Amur, ulio mpakani mwa Urusi na China. Huzaliana huko, kisha hupita India, huvuka bahari yetu hii ya Hindi, na kushukia Afrika ya kusini. Kila mmoja hana uzito wa zaidi ya gramu mia mbili. Tuliwakumbusha wanafunzi ile hadithi aliyoipokea Sayyidna Umar (R.A.), iliyomo katika Tirmidhi, ambayo Mtume (S.A.W.) alimpigia mwenye kutawakali mfano wa ndege atokaye asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Ndege huyo ametoka. Hakukaa tunduni akingojea riziki. Na huyu kozi ametoka mbali mno.

BUNDI NA KHURAFATI ZETU

Baada ya kuswali adhuhuri tulishuka hadi ukingoni mwa kijiji kilicho karibu na hifadhi. Hapo pana mkwaju mzee wenye shimo, na ndani yake hukaa bundi. Wanafunzi wawili walirudi nyuma. Mmoja akasema: "Sheikh, huyu si ndege wa uchawi?"

Hatukumjibu kwa maneno. Tuliwaamrisha waokote vidonge vya kijivu vilivyokuwa chini ya mti. Bundi humeza mawindo yake mazima, na yale yasiyosagika, yaani mifupa na manyoya, huyatapika kwa mdomo yakiwa yamefungamana. Tulivipasua vidonge vitano kwa vijiti. Wanafunzi wakahesabu mafuvu kumi na mawili ya panya, wala hapakuwa na mfupa hata mmoja wa kifaranga. Mahindi ya kijiji kile yako darini, na adui wa mahindi hayo ni panya. Basi huyu anayeitwa mchawi alikuwa akililinda ghala la watu usiku kucha bila ya mshahara, nao asubuhi humpiga kwa mawe.

Ndugu zetu, khurafati hii ya kuwa bundi akilia juu ya paa mtu atakufa ni ile ile ya Waarabu wa zama za ujahili. Mtume (S.A.W.) ameibatilisha kwa kuitaja jina. Katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim amekanusha tiyara, nayo ni kuona nuksi kwa ndege na mfano wake, na akakanusha hama. Maulama wamesema katika tafsiri moja ya neno hilo kwamba hama ni bundi ambaye watu walidhani akitua juu ya nyumba huleta habari ya kifo. Basi amwuaye bundi kwa kuogopa kifo amekusanya makosa matatu: ameamini lililokanushwa na Mtume wake, ameua kiumbe pasi na haki, na amewaachia panya chakula cha watoto wake.

HUKUMU YA KUWAUA, NA HABARI YA SUMU

Katika kijiji hicho tulikutana na mzee mmoja, akatukaribisha maji. Alikuwa amepoteza mbuzi wawili kwa fisi katika wiki moja, na mwewe walikuwa wakimchukulia vifaranga. Alituambia wazi kwamba mtu amemshauri autie mzoga wa mbuzi dawa ya wadudu, ili fisi na ndege wote waondoke kwa pamoja. Tulipomkataza alitujibu kwa elimu. Alisema: "Maalim, mwewe ni katika wale watano ambao Mtume ameruhusu wauawe hata katika Haram. Wewe wanizuiaje? Na hao mbuzi ndiyo karo ya wajukuu wangu."

Hoja hii yafaa ijibiwe kwa heshima, kwani hadithi aliyoitaja ni sahihi, imepokewa na Bibi Aisha (R.A.), na dhiki yake ni dhiki ya kweli. Twajibu kwa mambo manne.

Kwanza, ruhusa hiyo imetolewa kwa sababu ya madhara. Mwewe akikuchukulia vifaranga una haki ya kumfukuza na kumzuia, wala Sharia haimtaki mtu akae akitazama mali yake ikiliwa.

Pili, maulama wa madhehebu yetu ya Shafi waliwagawa wanyama wasioliwa kwa kutazama manufaa na madhara. Wako wenye madhara, ambao kuwaua kumependekezwa. Wako wenye manufaa na madhara pamoja, kama kozi wa kuwindia, ambao kuwaua hakukupendekezwa. Na wako ambao hawakuonekana kuwa na nafuu wala dhara, na miongoni mwao Imam Nawawi amemtaja rakham, naye ni aina ya tumbusi, na kuwaua hao ni makuruhu. Ni kweli kwamba wengine katika ndege wakubwa waliwekwa katika fungu la wenye madhara. Lakini mizani ni moja: nafuu na dhara. Na hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Leo nafuu ya tumbusi imedhihirika kwa namna ambayo haikudhihirika zamani, basi haijuzu kuitia kitu kimoja tu katika mizani na kuliacha jingine nje.

Tatu, sumu haichagui. Ruhusa ni ya kumwua mwenye kudhuru, na sumu huua kila ajaye: mbwa wa jirani, pungu ambaye hajagusa mbuzi wa mtu, na tumbusi ambao kazi yao ni kusafisha. Tumbusi hushuka wengi kwa mara moja juu ya mzoga mmoja. Mwezi wa Juni 2019, nchini Botswana, mizoga mitatu ya ndovu iliyotiwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500. Na mvua ikinyesha, sumu huingia katika maji wanywayo watu. Kanuni iliyomo katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara.

Nne, wako wasemao: Ndege mwenye makucha ni haramu, basi ana thamani gani? Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kumla kila ndege mwenye makucha ya kuwindia, kama alivyopokea Ibn Abbas (R.A.) katika Muslim. Lakini kuharimishwa kuliwa si kuharimishwa kuishi. Na Qur'ani, katika Suratul-Maida, aya ya 4, imehalalisha kilichokamatwa na mnyama au ndege aliyefunzwa kuwinda. Tazameni jinsi elimu ilivyomtukuza hata kozi: aliyefunzwa, windo lake laliwa, na asiyefunzwa, windo lake akiliua ni mzoga.

Mzee alitusikiliza, kisha akauliza: "Na fisi je?" Tulimwambia yale tuliyoyajua kuwa yafaa: boma la miiba lililo refu na zito, mbuzi wasilale nje hata usiku mmoja, na vifaranga wawekwe chini ya tenga hadi wakue. Wanafunzi wetu walibaki naye hadi alasiri wakimsaidia kukata miiba na kuuzika mzoga. Hatudai kwamba dhiki yake imekwisha. Lakini sumu hakuitia.

MFANO WA WENZETU

Asiyeamini kwamba ndege mla mizoga ana nafuu na atazame India. Katika miaka ya 1990 ng'ombe wa huko walipewa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Ng'ombe akifa na dawa hiyo mwilini, tumbusi aliyemla aliharibika mafigo akafa. Katika aina tatu za tumbusi, zaidi ya tisa katika kila kumi walipotea. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakazidi, na maji yakachafuka. Serikali ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mwaka 2024 wataalamu wawili wa uchumi walitoa makadirio yao kwamba kupotea kwa ndege hao kulifuatwa na vifo vya watu wapatao laki tano, katika miaka ya 2000 hadi 2005.

Wala sisi hatuko mbali na balaa hilo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wa kuwinda na walao mizoga katika barabara za Kenya tangu miaka ya 1970, ulionyesha kwamba katika aina 22, aina 19 zimepungua. Na miongoni mwa sababu ni sumu na kuharibiwa kwa makazi yao.

Hata hivyo watu hubadilika. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wanakijiji wa jimbo la Nagaland, India, huwanasa kwa nyavu maelfu na maelfu ya wale kozi wa Amur tuliowaona Shimba. Viongozi wa dini na wazee wa vijiji walisema na watu wao, na mwaka 2013 mauaji yale yalikoma. Hao si Waislamu. Je, sisi tulio na hadithi ya yule ndege aliyechukuliwa makinda yake, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe, tutashindwa?

Na jambo jingine latutia haya. Wenzetu Wamijikenda waliihifadhi misitu ya makaya, na mwaka 2008 makaya kadha yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi hatukubaliani na itikadi ya mizimu, na kuutolea mti sadaka ni ushirikina. Lakini miti ile imesimama. Mtume wetu ameifanya Madina kuwa Haram, miti yake isikatwe na windo lake lisifukuzwe, kwa amri ya Mungu na si kwa kuogopa pepo. Itakuwaje basi mwenye kuogopa pepo auache mti, na mwenye kumwogopa Mungu aukate?

YATUPASAYO

1. Makhatibu waieleze hadithi ya tiyara mimbarini, na wamtaje bundi kwa jina lake.

2. Mtu asiutie mzoga sumu, wala asimwuzie dawa ajuaye kwamba ataitumia hivyo.

3. Kabla ya kukata mti mkubwa, na atazame juu. Ukiwa na tundu, auache. Na akatapo mmoja, apande zaidi ya mmoja, kwani katika Bukhari na Muslim imethibiti kwamba apandaye mti, kila aliwacho na mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake.

4. Kila madrasa na iwatoe wanafunzi wake siku moja katika kila muhula, na madaftari mkononi.

MASWALI YA DARSA

(a) Taja aya mbili zituamrishazo kuwatazama ndege, na ueleze kwa nini kuijua sababu ya kuruka kwao hakupingani nazo.

(b) Mwewe ameruhusiwa kuuawa. Kwa nini ruhusa hiyo haimhalalishii mtu kutumia sumu?

(c) Nenda kwenye mti mkubwa ulio karibu na nyumba yenu. Kaa chini yake tangu saa tatu hadi saa tano. Andika ulichokiona, wala usiandike ulichokisikia.

Wallahu aalam.